Shangazi wa Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka muuguzi wa wodi ya watoto wenye maradhi ya kifua. Wodini walimwita Mama Pua.

Kazi yake ilikuwa kuingiza kijiti cha pamba puani mwa mtoto, taratibu, ili maabara itafute virusi. Watoto walimjua. Akichungulia tu mlangoni, wodi nzima inaangua kilio.

"Nimezoea," alikuwa akisema. "Wapenzi wangu wote wananipenda wakishapona."

Alicheka. Kisha akaenda kula chakula chake cha mchana, peke yake.

Kaka yake alijaliwa binti, njiti aliyezaliwa kabla ya wakati, mapafu dhaifu. Shangazi alijua kuwa mafua madogo ya mtu mzima yanaweza kumlaza mtoto kama huyo kwenye oksijeni. Aliyaona kila siku. Basi hakuingia ndani. Jioni, akitoka kazini, alisimama nje ya dirisha la sebule, akagonga kioo kwa kidole, akakunja uso kama kibibi. Mtoto akaangua kicheko.

"Wifi, ingia bwana! Majirani watasema nimekufukuza."

"Waache waseme. Mimi natoka kwa wagonjwa."

Hakuingia ndani, wasikilizaji. Msimu wote wa mafua, hakuingia.

Msimu ukapita. Mtoto akanenepa, akaanza kutembea. Shangazi akachukua likizo, akavaa gauni jipya, akaingia kwa mlango. Akanyoosha mikono. Mtoto alimtazama, akapiga ukelele, akajificha nyuma ya mama yake.

Wifi yake anasimulia: "Alitoka, akazunguka nyumba, akagonga kioo. Mtoto huyo mbio dirishani, anacheka! Na yeye akacheka. Ila macho yake, jamani, siyasahau."

"Nitarudi," aliaga kutoka nje. "Atanizoea tu."

Hakurudi. Siku chache baadaye moyo wake ulisimama, nyumbani kwake, akiwa peke yake. Hakuwahi kumbeba.

Kwa kaka, kwa wifi, kwa wenzake wa wodini: poleni sana. Nasi wengine, tukiwa na mafua, tufikiri kidogo kabla ya kumbusu mtoto mchanga. Na anayetupenda kwa mbali, tumuulize amekula na nani leo.

Binti yule hajui habari za msiba. Jioni ikifika, wasikilizaji wapendwa, anakwenda dirishani. Anagonga kioo kwa kidole. Anasubiri.