Kadi Isiyotumika

Itangazwe kwa wote kwamba mimi, kiranja wa nidhamu bwenini, huwa sisikilizi mazungumzo ya watu. Basi nililopanda kurudi shuleni lilikuwa kimya, na masikio hayana vifuniko.

Kwenye kiti cha mbele yangu nesi na dada yake, fundi cherehani, walibishana kuhusu kadi ya mkopo ya benki.

"Ifunge, mdogo wangu," alisema fundi. "Mwaka wa tatu huu hujaigusa, na ada wanakukata vilevile. Unafuga ng'ombe asiye na maziwa?"

"Siifungi, dada."

"Na mumeo akiiona?"

"Ndiyo maana inakaa kabatini kazini." Nesi alishusha sauti, nami kwa heshima zote nikasogea mbele. "Juzi alinifungia nje, mvua inanyesha. Siku nikiondoka, kadi hiyo ndiyo nauli na kodi ya chumba. Au niifunge, nije kwako? Utanifungulia?"

Fundi alifungua mkoba wake, akaufunga. Kisha akageuka, akaitazama sare yangu.

"Wewe mwanafunzi, shule yenu si tumeshaipita?"

"Tumeipita, mama," nilikiri. "Nilikuwa nasubiri umjibu."

Basi likasimama.