Mume wa Fundi Hamisa

Mwaka wa pili baada ya Uhuru, basi la Endamarariek lilijaa hata Saidi, mwenye duka Karatu, akatengana na mkewe Hamisa, akapata nafasi nyuma yake. Hamisa, fundi cherehani aliyeshonea nyumbani, hakujua mumewe yuko karibu hivyo. Alikuwa akizungumza na mama wa Kimasai aliyekutana naye humo, jina lake Nareyu.

“Mwenzangu, kazi ya nyumbani inanishinda. Kila anayepita anaona nimekaa tu.”

“Mimi nikitunga shanga nawapa mgongo,” Nareyu akajibu. “Wanajua sipo.”

“Na mume? Wangu anaacha duka kuja kuuliza kama nimekula. Mara tatu kabla ya adhuhuri! Jana nimeshona mkono wa shati kwenye kola.”

Saidi akashusha kofia usoni. Siku zote alidhani anamsaidia.

“Basi mfungie mlango.”

Hamisa akatikisa kichwa. “Juzi alikwenda Kansay, akashinda huko kutwa. Sikushona hata pindo moja, nasikiliza mlango.”

Nareyu akacheka. “Sasa unataka nini, mama?”

“Hilo ndilo nisilolijua.”

Basi likasimama. Saidi akainuka na kikapu chao mkononi, asijue amsaidie mkewe kushuka au asubiri aitwe.