Abilahi Alisubiri Aulizwe Mara ya Pili

Sikilizeni wanangu, Saad na wewe Mboni, fungeni mlango, kisha niapieni, semeni wallahi, kwamba hili halitoki humu. Mdomo wangu mimi shangazi yenu Mwanaima, Kilwa Masoko nzima inaujua, lakini hili nimelimeza peke yangu mpaka limenikwaruza koo, kwa kuwa likitoka, kuna mtu atafukuzwa kazi.

Nyumba ya Somanga ni yenu wote wawili, msiiuze. Lile sufuria langu kubwa mpeni jirani yangu Lusia, silitaki machoni, ndilo lililopikia pilau ya wale wafadhili.

Redio ya baba yenu ilikuwa inakata roho, watangazaji wameondoka mmoja mmoja, habari anatafuta yeye, anasoma yeye, jenereta halina mafuta. Wageni walipokuja tuwaombe msaada, tukaazima makochi dukani kwa Fakhruddin, tukatundika mapazia, tukachinja mbuzi. Hahaa! Na mimi nilivyojikwatua, ungedhani naolewa mimi! Basi niko jikoni, huko nje mgeni akauliza kwa lugha yao, mkalimani wao akatafsiri, "Bwana Abilahi, mmepungukiwa nini?" Baba yenu akajibu, "Alhamdulillahi, hatujapungukiwa kitu, karibuni chakula."

Nyie wa hapa, mnajua. Ukikaribishwa kula, mara ya kwanza unasema nimeshiba hata kama utumbo unalia, ya pili ndiyo unanawa mikono. Abilahi akasubiri ya pili. Haikuja. Wakala, wakashukuru, wakapanda gari lao, na redio ikanyamaza.

Mji ukasema kala hela za wafadhili. Na wewe Mboni ukasema, ukaacha kumwamkia baba yako, akaingia kaburini hajaipata shikamoo yako. Hela gani, mwanangu? Hakupewa hata senti. Naye akanyamaza, maana angesema nini, kwamba aliulizwa akakataa?

Sasa mmeifufua redio na mmekwama palepale, na Jumatatu wanakuja wengine. Msiazime kochi. Wakalisheni mkekani, wakione kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, na wakiuliza mara ya kwanza, jibuni mara hiyohiyo, semeni tunakufa. Mficha uchi hazai, na mimi uchi wangu niliuficha wapi... hahaa... nipeni maji.

Mboni, ukitoka hapa pita kaburini, kampe shikamoo yake. Usilie. Radhi zangu mnazo, nyote, na za baba yenu, Mungu awafungulie... ngojeni nipumue.

Aliyenihadithia ni Jenipher wa Mtama, mkalimani wao yule. Alijua Abilahi anasubiri ya pili, mwenzetu yule, kalelewa kama sisi. Akaogopa kuongeza neno ambalo halikusemwa, akatafsiri vilevile alivyosikia. Alilia hapo, Saad, hapo ulipokaa. Jumatatu anakuja nao tena. Msimnunie. Mkaribisheni chakula... na akikataa... mkaribisheni tena.