Msiba wa Mwenzangu Katika Fomu Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mdomo huu wangu, ingawa haukustahili kumtaja.

Naitwa Nekesa, kutoka Bungoma. Wengi mnanijua, mimi ndiye ninayepanga viti hapa kwenye ibada yetu ya kila Ijumaa. Wengine husimama hapa kusimulia jinsi Mungu alivyowaokoa na waajiri wabaya. Mwajiri wangu ni mtu mwema. Mimi Mungu ameniokoa na mimi mwenyewe. Mnivumilie, maana naona aibu.

Kabla ya kuja Muscat nilikuwa nasomea uuguzi nyumbani, mwaka wa pili. Nikafukuzwa. Familia niliiambia nimeugua. Ukweli ni kwamba nilikamatwa kwenye mtihani na karatasi ya majibu ndani ya soksi. Soksi, ndugu zangu! Msimamizi alinivua kiatu mbele ya darasa zima.

Nikaja huku, nikapata kazi mtaa wa Madinat Sultan Qaboos kwa Bi Zuwena. Yeye ni Mwomani ambaye wazazi wake waliishi Unguja, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu. Kazi yangu ni kumtunza mama yake, ambaye hatoki kitandani. Siku moja Bi Zuwena alinitazama nikimgeuza mama, akasema, "Nekesa, mikono hii ya muuguzi. Kwa nini usirudi skuli?" Akanipa kompyuta yake. Nikapata chuo kingine cha uuguzi kule Kenya, nikaanza kujaza fomu kila alasiri, nyumba ikiwa imepumzika.

Mwisho wa fomu kulikuwa na swali la hiari: kama kuna jambo lililokatiza masomo yako, lieleze hapa. La hiari! Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kuliacha wazi. Lakini niliogopa wataniuliza kwa nini niliacha mwaka wa pili, na soksi sikutaka kuisema.

Ndugu zangu, mnamjua Scovia, dada yetu kutoka Mbale, anayefanya kazi nyumba ya jirani. Tulikuwa tukianika nguo pamoja siku aliponieleza habari za mtoto wake wa miaka mitatu, aliyefariki yeye akiwa hapa. Alipigiwa simu akipiga pasi dishdasha, ile kanzu ya Kiomani, ya baba mwenye nyumba. Pasi ikabaki palepale, nguo ikaungua, akagombezwa. Hakuweza kwenda kuzika. Mtoto alizikwa na viatu vyekundu ambavyo Scovia alimtumia kutoka madukani Ruwi. Akaniambia, "Nimekuambia wewe tu."

Nikaandika yote kama yangu. Dishdasha nikaigeuza koti jeupe la uuguzi. Viatu sikuvigusa, vilikuwa vizuri mno. Hata jina la mtoto sikubadilisha. Nikalia nikiandika, na katikati ya machozi nikawa najisifu kwamba naandika vizuri! Mungu anisamehe.

Bi Zuwena aliisoma ili anisahihishie Kiingereza. Akavua miwani, akanikumbatia. "Masikini mwanangu! Umo ndani ya nyumba yangu siku zote hizi na huzuni kama hii, mbona hukunambia?" Nikaacha anikumbatie.

Chuo kikanikubali. Wakaandika kwamba maelezo yangu yaliwagusa sana. Bi Zuwena akapika, akamwalika Scovia tufurahi pamoja. Tukiwa tunakunywa chai akamwambia, "Huyu mwenzako ana moyo, Scovia. Mtoto kafa, kazikwa na viatu vyekundu alivyomnunulia mwenyewe, na leo anarudi skuli." Akalitaja na jina la mtoto.

Scovia akaweka kikombe chini. Akanitazama. Nilidhani atapiga kelele. Akasema, "Pole, Nekesa."

Ndugu zangu, alinipa pole kwa kifo cha mtoto wake! Kisha akaaga, akaondoka.

Ijumaa tatu hakukaa nami hapa. Nilipanga viti, nikaimba. Na bado sikusema kitu. Nilikuwa tayari kumpoteza Scovia nibaki na chuo. Hiyo ndiyo inayoniaibisha kuliko soksi.

Kilichonivunja ni yule mama wa kitandani. Bintiye alikuwa amemweleza. Alasiri moja nikimfuta uso, akanishika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Nnamuombea mwanao kila siku." Akaanza dua, akimtaja mtoto kwa jina. Nikapiga magoti pale pale. Nikasema, "Yesu, nitoe humu!"

Nikamwendea Bi Zuwena jikoni, nikamwambia yote. "Na mamangu nimwambie nini?" akauliza. "Kila siku anamuombea mtoto yule."

Nikasema, "Mwambie aendelee. Mtoto ni wa kweli. Ila mama yake si mimi."

Jioni ile nikaandikia chuo ukweli wote, pamoja na soksi. Jibu lilikuwa mistari miwili: nafasi yangu imefutwa. Bi Zuwena hajanifukuza, lakini haniiti tena mwanangu. Namwelewa.

Scovia nilimfuata getini kwao. Nikasema, "Nisamehe, dada."

"Ungeniomba ningekukatalia," akasema. "Ndiyo maana hukuniomba. Kuzika sikuzika, Nekesa. Habari zake ndizo tu nilizobaki nazo, na ukazipeleka kwa watu nisiowajua."

Baadaye nilimwomba ruhusa ya kusimama hapa leo. Akasema, "Sema kila kitu. Lakini jina lake usilitaje, hilo niachie." Ndiyo maana hamjalisikia. Hajanisamehe yote, ameniambia hivyo waziwazi, nami simharakishi.

Namshukuru Mungu! Chuo sina, lakini nikiomba sasa sianzi kwa kuficha kitu.

Ndugu yangu, labda uko hapa na uongo ambao umeshakuletea mema, na unaogopa ukiusema utayakosa. Sitakudanganya: huenda ukayakosa. Mimi niliyakosa. Lakini Yesu alikuwa amebaki pale pale, na hakumkataa mtu kama mimi. Mwamini. Usingoje mpaka akuombee dua mtu uliyemdanganya. Njoo hapa mbele sasa, nami nitapiga magoti pamoja nawe.