Mapezi ya Njano

Kwenye teksi ya abiria wengi ya kwenda Sodwana, pwani ya Afrika Kusini, kijana mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa akimsimulia mama muuza mananasi somo lake la kwanza la kuzamia baharini. "Mwalimu aliniambia nifuate mapezi yake ya njano, yale ya kuvaa miguuni. Nikayafuata, mama. Kuibuka, niko na kundi la watu wengine!" Nilicheka peke yangu; mama hakucheka. "Si umwambie huoni vizuri, akutafutie miwani ya kuzamia yenye lenzi?" "Atanifukuza. Hata miwani yangu leo nimeiacha nyumbani, asije akanishtukia." "Heri akufukuze ukiwa hai, mwanangu." Teksi ikasimama. Ng'ambo ya barabara, mtu mwenye mapezi ya njano kwapani alitupungia mkono kwa nguvu. Kijana akanyoosha shingo. "Huyu mwalimu naye," akasema, "kachelewa tena."