Bwana Geti na Maneno ya Baada ya Kwaheri

Marehemu, ambaye karibu wote hapa tulimwita Bwana Geti, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu mwashi na mama yetu mshonaji. Mimi ninayesoma ni dada yake. Mnivumilie na sauti hii. Wiki nzima nimeongea na simu kuliko nilivyolala.

Jina la Geti alilipata akiwa na miaka sita. Kazi yake nyumbani ilikuwa kufuatana na mama kumsindikiza mgeni hadi kwenye geti la bati, kisha kulifunga. Siku moja alikuja mama mdogo, akakaa sebuleni akijibu "salama" kwa kila alichoulizwa. Alipofika getini, mkono ukiwa kwenye komeo, akasema, "Dada, mwenzio nimeachika." Mama akamrudisha ndani, akakaa kwetu miaka miwili. Tangu hapo mtoto hakukosa kusindikiza mgeni hata mmoja. Alipoulizwa kisa, alisema sebuleni watu wazima wanadanganya. Alichapwa kwa kauli hiyo na hakuibadilisha.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya ghala la mbao, akamaliza mwaka 1993, kisha sekondari ya bweni, kisha chuo cha ufundi alikosomea umeme. Mwaka 2003 alipata nafasi ya kwenda kusoma kompyuta ng'ambo. Alikuwa huko baba alipofariki, mwezi Mei mwaka 2005. Siku chache kabla, walikuwa wamezungumza kwa simu ya kadi. Baba alisema yeye ni mzima, akamuaga, halafu akasema, "Ila, mwanangu..." na kadi ikaisha. Marehemu hakujua baba alitaka kusema nini, na hakuna kati yetu aliyejua. Jambo hilo lilimkaa kooni maisha yake yote.

Kuanzia mwaka 2008 alifanya kazi huko huko ng'ambo, katika ofisi ndogo iliyobuni programu za simu kwa ajili ya familia zinazoishi mbalimbali, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Aliingia kama mjaribu wa programu, akapanda mpaka akawa mbunifu mkuu. Wenzake walishughulika na michezo ya bibi na wajukuu, na vijimoyo vinavyorukaruka kwenye kioo. Yeye alitaka kitu kimoja tu: mkishaagana, simu isikatike hapo hapo. Ukibonyeza kuaga, uso wa mwenzako unafifia taratibu, sauti ikiwa bado ipo, na yeyote akigusa kioo uso unarudi. Programu hiyo aliiita Sindikiza. Mkuu wake alimwambia kuwa simu isiyokatika ni simu mbovu. Walibishana mwaka mzima, na mkuu ndiye aliyechoka kwanza.

Majaribio yote yalifanyiwa kwetu. Toleo la kwanza halikuwa na kufifia. Kioo kilizimika na sauti ikabaki wazi. Tukaagana vizuri, na mume wangu, akidhani mambo yamekwisha, akanyoosha miguu na kusema, "Afadhali ameondoka huyo, nilidhani tutakesha." Sauti ikajibu kutoka mezani, "Shemeji, bado nipo." Mume wangu, yule pale, hakuonekana kwenye simu miezi mitatu. Ndiyo maana nyuso zikawekwa zififie polepole, kila mtu ajue mwenzake bado yuko.

Nitasema na hili, maana nilimwambia akiwa hai. Aliye mbali alikuwa anabuni ukaribu, na aliye karibu alikuwa anafua shuka za mama. Siku moja nilichoka, nikamwambia, "Mdogo wangu, buni na kitu cha kuteka maji." Alicheka, lakini tangu mwaka huo kila Aprili alichukua likizo akaja kukaa na mama, ili mimi niondoke kwenye nyumba ile. Nilikuwa naenda kwa binti yangu kulala tu. Sijapata zawadi nyingine kama hiyo.

Alifunga ndoa tarehe 10 Desemba 2011 na muuguzi wa hospitali iliyokuwa jirani na ofisi yake. Wifi yangu husema alikubali kuolewa ili mwanamume yule aondoke mlangoni, kwa maana kuaga kwake kulikuwa hakuishi. Walijaliwa binti na mvulana.

Mwezi Februari mwaka 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hakutuambia. Kila Jumapili alimwambia mama ni mzima, akaaga, na kukata simu papo hapo. Mtu aliyegombana na ofisi nzima ili simu isikatwe sasa alikuwa anakata. Mwezi Agosti nilimuuliza, "Mbona siku hizi hutusindikizi?" Akabonyeza kuaga, uso wake ukaanza kufifia, na mara ukarudi. Alikuwa amegusa kioo. Akasema, "Dada, usiweke simu chini." Ndipo akanieleza. Alichokiogopa si kufa. Aliogopa kumwacha mama na sentensi isiyoisha, kama baba alivyomwacha yeye, na bado hakuona pa kuanzia.

Jumapili iliyofuata nilimketisha mama mbele ya simu. Wakasalimiana, wakaulizana hali ya hewa, wakaagana. Uso ulipoanza kufifia, marehemu akasema, "Ila, mama..." Mama akagusa kioo. "Sema, mwanangu. Kola zako zote nimezishona mimi. Hiyo shingo naiona inapungua tangu wakati wa mvua. Nilikuwa nakungoja tufike getini, useme mwenyewe." Akasema yote, na mama akamsikiliza mpaka mwisho.

Mazungumzo yao ya mwisho yalikuwa asubuhi ya tarehe 2 Novemba 2024, yeye akiwa hospitalini, mkewe amemshikia simu. Waliagana mapema, kwa maana hakuwa na pumzi. Kisha uso ukawa unafifia na mama anagusa kioo, unafifia na anagusa. Nikasema, "Mama, mwache apumzike." Akanijibu, "Mgeni ndiye anayesema turudi." Tukakaa. Mwishowe marehemu akafumbua macho, akasema kama kila mgeni aliyewahi kutoka kwenye nyumba yetu, "Inatosha, mama. Rudini sasa." Mama akaondoa kidole, akafunika simu kwa leso. Alifariki kesho yake alfajiri.

Ameacha mama, mke, binti mmoja, mvulana mmoja, dada mmoja, shemeji mmoja anayechunga sana mdomo wake karibu na simu, na wapwa watatu. Ameacha pia watu wengi tusiowajua ambao, mahali fulani, wameshaagana na bado wanaangaliana.

Tumemfikisha. Apumzike kwa amani, nasi turudi ndani, kama alivyosema.