Mzee Nuhu Mwadime, Mchinjaji Aliyetaka Kula na Ndugu Yake

Ndugu zetu wa mtaa huu wa Sofia, assalamu alaykum, nanyi mlioteremka kutoka Mbololo, Bwana asifiwe. Mimi ni Austin, mwana wa Alice, dada ya marehemu, na nimepewa nafasi hii fupi kabla jeneza halijaelekea msikitini, kwa sababu imamu ameshanikumbusha kwamba maiti ya Mwislamu haicheleweshwi kwa hotuba.

Mzee Nuhu Mwadime alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Mbololo, akabatizwa jina la Noah, mtoto wa pili wa Mzee Mwadime na Mama Wakesho, akimfuata kaka yake, Mzee Elijah, ambaye tuko naye hapa leo, na wawili hao walinyonya ziwa moja, wakachunga pamoja na kulala kitanda kimoja. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, kisha akateremka Voi kukata mkonge.

Mwaka 1979 aliajiriwa kichinjioni chini ya Maalim Kombo, na hapo ndipo maisha yake yalipogeuka, maana alimwona Maalim akimnywesha mbuzi maji kabla ya kumlaza, akimficha asikione kisu, wala hamchinji mmoja mbele ya mwenzake, akawaza kwamba ikiwa mbuzi anastahiwa hivi, jirani je? Alisilimu mwaka 1980, jina likawa Nuhu, ingawa mama yake aliendelea kumwita Noah hadi alipoaga dunia, naye akaitikia yote mawili bila kinyongo. Tarehe 18 Septemba 1982 alimwoa Bi. Mwanaidi Athumani wa hapa Sofia, wakajaliwa Swabra, Idrisa na Zuhura.

Desturi yetu mnaijua, kwamba penye harusi au matanga, hata nyumba iwe ya Kikristo, huitwa Mwislamu achinje ili asiwepo mgeni atakayeondoka na njaa, na kwa miaka mingi aliyeitwa kutoka Mbololo hadi Wusi alikuwa Mjomba Nuhu. Alikuja mapema, akachinja, akaosha mikono, kisha akabaki kupasua kuni na kuteka maji kama mwenye nyumba, na ukimwambia apumzike alikuuliza kama kazi imeisha.

Mama Wakesho alifariki tarehe 9 Agosti 2011, na siku ya mazishi Mjomba Nuhu alifika na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa, akakuta ngozi ya fahali imeshatandazwa kwenye nyasi, kwani Mzee Elijah, aliyekuwa mzee wa kanisa na hakuwahi kumsamehe ndugu yake kwa kubadili dini, alikuwa amempa kijana wa kwaya kazi ile ili Nuhu na watoto wake wasiweze kula kwenye matanga ya mama na bibi yao. Ninasema haya kwa ruhusa ya Mzee Elijah, ambaye amesema yasiposemwa leo yatabaki yakinuka. Sote tulingoja moto uwake, lakini Mjomba alirudisha kisu mkobani, akakunja mikono ya kanzu, akaanza kuwapelekea watu sahani za nyama ambayo yeye hakuweza kuionja, na Idrisa alipotaka kurudi Voi kwa hasira, alimwambia, "Mama ni wetu. Kaa, ule mboga."

Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja, kula sahani moja na ndugu yake kabla hajafa, na aliishikilia kwa ukaidi uliotuchosha sote. Kila Idd alipanda Mbololo na pilau, Mzee Elijah akasema ameshiba, na Mjomba akawaachia watoto, akaaga kwa adabu, Idd iliyofuata akarudi. Mwaka 2019 Mzee Elijah alipovunjika mguu, Mjomba alikwenda kila Jumamosi kumkatia ng'ombe wake majani, hakukaribishwa hata chai, na Bi. Mwanaidi alipomwambia sasa basi, alijibu, "Mimi natimiza haki iliyo juu yangu, ya kwake aachiwe mwenyewe." Bandu bandu huisha gogo, ila gogo hili lilikuwa la mti mgumu.

Figo zake zilianza kushindwa Novemba 2023, akawa anasafishwa damu katika hospitali kuu ya hapa Voi, nguvu zikapungua, haja yake ikabaki palepale. Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, Mzee Elijah alitoka kanisani akapitiliza hadi hapa, na jogoo kwapani, akasimama mlangoni akasema, "Noah, nimemleta umchinje wewe, tule." Mjomba aliinuliwa kitandani, akaagiza jogoo apewe maji kwanza, na kwa kuwa mikono yake ilitetemeka, Mzee Elijah ndiye aliyemshikilia jogoo, Mjomba akachinja, kisha ndugu hao wakala sinia moja, Mjomba akimtania kwamba kwa ugumu ule jogoo huyo naye lazima alikuwa mzee wa kanisa. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, na Jumapili zote zilizofuata walikula pamoja.

Amefariki leo Jumatano, tarehe 21 Mei 2025, kabla ya adhana ya alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bi. Mwanaidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kichinjioni, majirani zetu, hasa Mama Ajwang' aliyempikia uji na Bwana Wanyonyi aliyempeleka hospitali kwa gari lake, pamoja na akina mama wa kanisa la Mbololo waliofika hapa kabla yetu sisi wenye msiba.

Mzee Elijah ameomba ashike jeneza upande wa mbele, imamu amekubali, na Idrisa amemwachia nafasi yake. Tumpisheni apite. Mjomba Nuhu, lala kwa amani ya Mola wako, kaka yako anakubeba.